Zimwi Lililomeza Mbegu za Maboga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mna njaa? Si mmetoka kula sasa hivi? Haya, kaeni vizuri, na atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe.

Hapo kale, huko milimani kwenye baridi, aliishi mama mmoja, Sekela, na wanawe watatu. Mwaka huo ukame ulimwachia boga moja tu. Akatoa mbegu, akazianika, akazichanganya na majivu, akazitia kibuyuni. Kibuyu akakitundika juu ya meko, moshi ufukuze wadudu mpaka mvua zirudi. Zikipotea mbegu hizo, watoto hawana mboga tena.

Siku moja ya kipupwe, zimwi likaingia kuota moto. Lilikuwa na udadisi kuliko nyie wote.

"Humo kibuyuni mna nini?"

"Maboga," akajibu Sekela.

"Maboga, kwenye kibuyu kidogo hivyo?"

Likakishusha, likachungulia, likameza mbegu zote na majivu yake. "Mbona sioni boga? Nionyeshe, la sivyo nakula wanao."

Sekela akawavuta wanawe nyuma yake, akajibu, "Yamelala tumboni mwako. Kaa hapo kwenye moshi, usinywe maji. Ukinywa yataoza, na hutayaona."

Basi likakaa. Sekela alilitunza kama alivyokitunza kibuyu, kavu na lenye joto.

"Sekela, nina kiu. Yameamka?"

"Bado yamelala."

Mwezi ukapita.

"Sekela, nina kiu. Yameamka?"

"Bado yamelala."

Mwezi mwingine ukapita.

"Sekela, nina kiu. Yameamka?"

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Sekela akalipeleka shambani, akalikalisha kwenye samadi, akalinywesha mtungi mmoja, wa pili, wa tatu.

Baada ya siku chache likasema, "Kuna kitu kinanitekenya."

"Yameamka. Tulia uone."

Mche ukachomoza puani, umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Mwingine ukatoka sikioni. Zimwi likakodoa macho, likacheka kwa furaha. "Kumbe ndivyo yanavyotoka."

Likataka kusimama likawaonyeshe wenzake. Halikuweza. Mizizi ilikuwa imelishika ardhini. Sekela akachuma majani machanga puani mwake, akaenda kuwapikia wanawe kwa karanga.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye majani ya maboga. Mkivuna, tengeni mbegu kwanza ndipo mle. Na msimeze kitu msichokijua. Nawe uliyechota mbegu zangu pale ungoni, zirudishe kabla sijakupeleka shambani.