Panga Zilizopita kwa Ukimya wa Shekhe Nuaimu

Inasimuliwa kwamba, na walionisimulia walikuwa watu wakweli ingawa chumvi kidogo hawakukosa kutia, palikuwa na mji zamani ukiitwa Hadidiya, mji wa wahunzi. Panga zake hazikuwa na mfano. Ukiuinamisha upanga wa Hadidiya mpaka ncha ikagusa mpini, ukiuachia hunyooka kama hukuufanya kitu. Wafalme wa mbali walizitamani panga hizo kuliko walivyotamani wake.

Nao watu wa mji ule walikuwa wakimcha Mwenyezi Mungu, na wazee wao wa kale waliwawekea desturi. Upanga wa kuuzwa mjini, haya, uza. Lakini upanga wa kuvuka mpaka kwenda kwa mfalme mwingine, hata Sultani mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuutoa hivi hivi. Hati ya mauzo ilisomwa msikitini siku ya Ijumaa, kisha ikawekwa juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, kwa siku thelathini, mbele ya shura ya wazee saba. Akitokea mzee mmoja tu akaweka kiganja chake juu ya hati na kusema, "Nauliza," biashara ilisimama, mpaka waende watu waaminifu katika nchi ya mnunuzi wakaone kwa macho yao panga zinakwenda kufanya nini. Siku thelathini zikimalizika bila ya mkono, hati imepita. Kunyamaza kulihesabiwa ni kuridhia.

Ikawa mfalme wa Kusaira ameleta ombi la panga elfu nne. Hati ilisema ni za kulinda misafara na wanyang'anyi. Waziri wa Sultani, Zuhairi bin Mansuri, aliisoma kwa sauti tamu kama anasoma qasida. Katika wazee saba wa shura, wawili walikuwa shemeji zake huyo Waziri. Mmoja alikuwa akisinzia tangu adhuhuri mpaka alasiri. Watatu walikuwa wakingoja waone mkono wa Shekhe Nuaimu utaelekea wapi.

Shekhe Nuaimu bin Wasili alikuwa mja mwema kweli. Siwezi kumsema, maana hata waliotaka kumsema walikosa pa kuanzia. Miaka arobaini hakupata kumteta mtu, wala kukaa mahali mtu anapotetwa. Akipita barabarani watu walikatiza maneno yao wakaanza kuzungumza habari za mvua. Sasa mtu ambaye kila akipita anazungumziwa mvua, mengine atayajulia wapi?

Siku ya ishirini na mbili ya hati, alimjia mwanamke mmoja, Bi Atika, mjane, kazi yake kuosha sufu. Na pale penye birika la kuoshea sufu ndipo zilipokuwa zikifikia habari zote za dunia, kwa kuwa wake wa wenye ngamia walikuja hapo kufua na kupumzika. Bi Atika alikuwa amemwoza binti yake wa pekee, Lubna, kwa mfuga mbuzi wa bonde la Thamila, linalopakana na Kusaira.

"Shekhe wangu," akasema, "nimekuja kwa ajili ya hati ile. Huyo mfalme wa Kusaira..."

Shekhe akamkatiza. "Bi Atika, ni la kheri unalotaka kusema juu yake?"

"La kheri! Amefukia visima vya Thamila, Shekhe. Analitaka bonde liwe malisho ya farasi wake, na wenyewe wamekataa kuhama. Wake wa wenye ngamia wote wanasema..."

"Astaghfirullah!" Shekhe akatia vidole masikioni, vidole kweli kweli, mtu mzima na ndevu zake. "Dada yangu, kumteta mtu ni kumla nyama yake. Usinilishe nyama ya ndugu yangu."

"Vitoe vidole, Shekhe! Usiyetaka kumla ni mmoja. Wanaokwenda kuchinjwa ni bonde zima, na mwanangu yumo."

Shekhe akashusha mikono. "Umeyaona hayo kwa macho yako?"

"Sikuyaona. Ndiyo maana nimekuja kwako, wewe unayeweza kupeleka macho. Sikwambii uhukumu. Nakwambia uulize tu."

"Kuuliza ni kumtuhumu, Bi Atika. Nasi tumeamrishwa kudhaniana mema."

Bi Atika akajifunga ukaya wake kichwani vizuri. "Haya. Mdhanie mema mfalme. Sisi wanawake wa birikani tudhanie uongo." Akaenda zake.

Inasemekana Shekhe hakuwa na raha tena. Kila baada ya sala alipita mbele ya marufaa. Mara mbili aliunyanyua mkono, na mara mbili akaurudisha ndani ya joho. Alijiambia: miaka arobaini nimeyalinda masikio yangu, leo niyachafue kwa maneno ya waosha sufu? Na hapo ndipo alipoteleza, Mungu amsamehe. Alidhani anachunga heshima ya mfalme, kumbe anachunga usafi wake mwenyewe. Siku ya thelathini ikaja, Waziri akaikunja hati, akambusu Shekhe mkono ule ule. Kesho yake asubuhi ngamia wakatoka langoni, wamejaa chuma.

Haikupita miezi minane, wakaingia watu kwa miguu kutoka Thamila. Hawakutimia mia. Mwingine hana sikio, mwingine mkono umeoza begani. Wakalazwa uani mwa msikiti, na Shekhe Nuaimu alikuwa wa mwanzo kuleta maji ya kuwaosha majeraha. Mzee mmoja wao alikuwa amebeba upanga umefungwa kitambaa, ameuokota huko. Shekhe alipoufungua aliuona muhuri wa kiganja kilichokunjuliwa, alama ya kwamba umepita mbele ya shura ya Hadidiya.

Yule mzee akamwambia, wala hakumwambia kwa ubaya, "Kwanza tulidhani ni wanyang'anyi tu. Tulipouona muhuri huu tukaangaliana. Tukasema, watu wa Hadidiya hawampi mtu upanga mpaka waulize. Basi labda sisi ndio wenye makosa."

Shekhe akaufunga tena upanga katika kitambaa chake. Na kule upande wa pili wa ua, Bi Atika alikuwa akipita kwa mmoja mmoja, akifunua shuka, akitazama nyuso. Alipofika kwa mtu wa mwisho alirudi akaanza tena kwa wa kwanza.

Mambo yangekwisha kwa matanga, lau mfalme wa Kusaira asingeleta hati ya pili: panga elfu mbili nyingine. Ijumaa ile msikiti ulijaa mpaka barazani. Waziri Zuhairi akasimama. "Enyi Waislamu, yaliyopita ni kadari. Mfalme anasema wale walikuwa waasi, nasi hakuna aliyejua lolote." Akamgeukia Shekhe. "Shekhe Nuaimu, wewe hujapata kusema uongo. Waambie watu kwamba hukujua, nyoyo zitulie."

Angalieni mtego ulivyokuwa mzuri. Angesema "Sikujua," neno lingekuwa na ukweli wake, kwani aliyeziba masikio anajua nini? Heshima yake ingebaki, na panga zingekwenda.

Shekhe akainuka, akatembea taratibu mpaka kwenye marufaa, akaweka kiganja juu ya hati. "Nauliza," akasema. "Na kabla hatujauliza habari za mfalme, niulizeni zangu. Siku ya ishirini na mbili Bi Atika aliniletea habari hizi zote. Nami nilitia vidole masikioni. Sikujua kwa sababu nilikataa kujua."

Msikiti ukavuma. Mmoja akapiga kelele huko nyuma, "Na sisi tukisali nyuma yako!"

Waziri akamwinamia. "Umejivunjia heshima ya miaka arobaini kwa maneno ya mwosha sufu."

"Heshima hiyo ndiyo iliyowaua watu wa Thamila," akajibu Shekhe. "Kama wewe unaitaka, ichukue."

Wakapelekwa watu waaminifu. Walirudi na habari kwamba visima vimefukiwa na bondeni wanalisha farasi. Hati ya pili ikachanwa mbele ya umma, na Sultani akaamuru kwamba tangu siku hiyo kunyamaza kusihesabiwe ridhaa: panga hazitoki mpaka wazee wote saba waulize na wajibiwe. Amri njema. Ila ilikuja watu wake wameshazikwa.

Shekhe akajiuzulu shura, akaenda birikani mchana kweupe, mbele ya wanawake wote, akasimama kwenye matope akamwomba radhi Bi Atika. Bi Atika hakuacha kukamua sufu yake.

"La masikio nimekusamehe, Shekhe," akasema. "La Lubna si langu. Kwa hilo utakutana naye mwenyewe huko Akhera."

"Kweli," akasema Shekhe. Kisha akauliza kama anaweza kukaa kidogo asikie wenye ngamia wamekuja na habari gani.

Mwanamke mmoja akacheka. "Shekhe, ukikaa hapo utaroa."

Akakaa, akaroa. Na wanasema alikaa hapo kila alasiri mpaka siku ya kufa kwake.

Ndugu zangu, mimi si msomi, lakini nimewasikia maulamaa wakisema kwamba kumwonya mtu juu ya dhuluma hakuingii katika kusengenya. Shekhe alilijua hilo kuliko mimi, maana alikuwa akilifundisha. Aliyekabidhiwa zamu ya kuuliza, swali lake ni amana, na Siku ya Kiyama hatutaulizwa tuliyoyasema peke yake. Shekhe Nuaimu alitubu, na toba ya kweli haina anayeikataa, lakini haikumrudisha bondeni mtu hata mmoja. Mwenyezi Mungu amrehemu. Na amrehemu Lubna, ambaye mama yake hakupata kuambiwa alilazwa wapi.