Siku Chui Alipokwenda Kumchukua Mtoto Chekechea

Hapo zamani za kale, wakati wanyama nao walikuwa na nyumba, majiko na watoto wa kuamshwa asubuhi kwa kelele, palikuwa na chekechea ndani ya pango la mawe. Mwalimu wake alikuwa Bi Sikudhani, pimbi mmoja mdogo, mnene kiasi, mwenye macho yasiyotulia. Mlango wa pango ulikuwa mwembamba. Mtoto wa digidigi alipita, mtoto wa nungunungu alipita kwa kujibana, lakini mnyama mkubwa aliishia kuingiza pua tu.

Basi, ilikuwa wiki ya familia. Watoto walifinyanga vinyago vya udongo, vya baba, mama, bibi na shangazi, wakavipanga kwenye nyumba iliyochorwa chini kwa mkaa. Kisha waliigiza: huyu anapika, huyu anachota maji, huyu amekuja mgeni na anakaribishwa. Kila mtoto alirudi kwao na udongo masikioni.

Huko porini, Chui alikuwa na siku ya tatu hajatia kitu tumboni. Alikwisha kujaribu kupenyeza mkono pangoni, akaambulia kuchubuka kiwiko. Kisha akapata habari za desturi ya chekechea ile: saa sita mchana mtoto hutolewa mlangoni na kukabidhiwa ndugu yake aliyekuja kumchukua. Ndugu tu, si mwingine. Chui akacheka peke yake. Kumbe mlango si shida, shida ni kuwa ndugu.

Na hapo, wanangu, ndipo mambo yalipomchanganya. Chui alikuwa mtu wa kuishi peke yake. Hakuwahi kugongewa hodi, hakuwahi kualikwa hata kwenye arusi ya jirani. Mambo ya ndugu aliyasikia kwa mbali, watu wakipita njiani wakiitana, na hata jina la Tunu, mtoto wa digidigi, alilipata huko huko. Akachagua neno moja lililomkaa vizuri mdomoni, akalirudia njia nzima ili asilisahau: mjomba, mjomba, mjomba.

Alijipaka udongo mwekundu usoni kuficha madoa, akavaa kanzu aliyoianua kwenye kamba ya mtu bila kuaga, akabisha hodi.

Bi Sikudhani alichungulia. Chui akamwambia kwa sauti laini kwamba yeye ni mjomba wake Tunu, yule mtoto wa digidigi, na amekuja kumchukua. Mwalimu akamtazama uso, akashuka kwenye kanzu, akafika kwenye pindo ambapo kitu kirefu chenye madoa kilikuwa kinapiga vumbi, pu, pu, pu. Macho yake yakasimama hapo kidogo. Halafu akatabasamu. Chui akadhani ameipenda kanzu.

"Karibu, mjomba," alisema Bi Sikudhani. "Umekuja wiki nzuri. Wiki hii ndugu hatuambii jina lake tu. Anatuonyesha na kazi yake, watoto wajifunze."

Chui hakuelewa kazi gani, lakini alikubali. Mwenye njaa hukubali upesi.

Mwalimu akawauliza watoto mjomba ana kazi gani. Watoto kumi na mmoja wakajibu kwa pamoja kwamba mjomba ni wa kudekeza, mpwa akitaka kitu, mjomba anakitafuta. Na kutoka gizani kule ndani ikaja sauti nyembamba ya Tunu:

"Mjomba, nataka zambarau."

Chui akatazama huku na huku. Zambarau? Yeye amekuja kula, sasa anaambiwa alishe. Akauliza kama haiwezekani mpwa akatoka kwanza, zambarau zikafuata. Bi Sikudhani akasema kwa huzuni kwamba hajawahi kuona mjomba wa namna hiyo, na kwamba watoto wanaangalia.

Basi Chui akapewa kapu, akaenda. Akapanda mzambarau na kanzu yake, kwaruu, kwaruu, pindo likanasa, akachuma mpaka kapu likajaa. Akarudi anahema. Akazipenyeza mlangoni konzi kwa konzi, na kule ndani akasikia watoto wakila, wakitema mbegu, tu, tu, tu. Tumbo lake likaguna.

"Haya," alisema. "Sasa nipeni mpwa wangu."

"Mjomba anadekeza, lakini mtoto si wa kwake kumchukua," alisema mwalimu. "Huyu ni mtoto wa watu. Shangazi yake anasemaje?"

Chui akauliza shangazi ndiye nani. Akaambiwa ni dada wa baba. Akauliza kama huyo dada wa baba ni dada yake yeye pia. Akaambiwa hapana, dada yake yeye ni mama wa mtoto, ndiyo maana yeye ni mjomba. Chui akashika kichwa. Alianza kuhesabu kwa makucha: dada yangu ni mama, dada wa baba ni shangazi, na mama wa baba je, ni dada wa nani? Makucha yakamwishia kabla ndugu hawajaisha.

"Basi na shangazi ni mimi," alisema.

Pango zima likaangua kicheko.

"Mzee," alisema Bi Sikudhani taratibu, "shangazi ni mwanamke."

Chui akaona aibu mpaka masikio yakalala. Mwalimu akamwonea huruma, au alijifanya kumwonea huruma, na nyie mtaamua wenyewe. Akamwambia hata wazee wengine huchanganya, kwa sababu ndugu ni wengi na kichwa ni kimoja. Labda yeye si mjomba hasa? Afikirie vizuri, pengine ni nani mwingine wa Tunu.

Chui akafikiri. Alikumbuka kuwaona wazee wakiheshimiwa na kupewa kigoda. Akasema, ndiyo, kweli, alikosea. Yeye ni babu.

"Alhamdulillahi," alisema mwalimu. "Watoto, babu amekuja. Babu ni nani wetu?"

"Mtani wetu!"

Chui hakujua utani ni nini, lakini aliukuta upesi. Watoto wakajipanga nyuma ya mlango, wakamwanza. Mmoja akasema babu huyu meno yamekwisha, hata uji anautafuna. Mwingine akasema babu kajipaka udongo usoni kama ukuta wa jiko. Mtoto wa nungunungu akasema babu ananuka kama mtu aliyelala na mbuzi, na mbuzi akahama. Chui akageukia huku, akageukia kule. Hakuna mtu aliyewahi kusema naye hivyo akaishi hadi jioni.

Kisha Tunu naye akasogea karibu na mlango, karibu kabisa, Chui akayaona macho yake mawili yakimeta.

"Mume wangu," alisema Tunu, "mbona umenijia mikono mitupu?"

"Mume?" Chui alimgeukia mwalimu. "Si mimi ni babu?"

"Ndiyo."

"Sasa mume tena wa nani?"

"Wa mjukuu wako. Ndivyo babu na mjukuu wanavyotaniana. Wewe hapo unatakiwa umwambie: 'Mke wangu, jana uliniunguzia wali.'"

Chui alikaa kitako. Jana? Wali gani? Hakula jana, hakula juzi, na kama angekuwa na mke wa kumpikia wali, hata wa kuungua, angekuwa amekaa hapa juani? Alihisi dunia inamzunguka. Hasira zikampanda bila kutaka, na kabla hajajizuia koo lilikwisha kutoa mlio, nguurrr.

Watoto wakarudi nyuma wote. Mmoja akaanza kulia kwikwi, na safari hii hapakuwa na mchezo, maana mlio ule waliujua. Hata Bi Sikudhani aliogopa. Kumi na mmoja ndani, yeye mmoja, na mlango ni ule ule. Mama zao walikuwa ng'ambo ya kilima wakichuma majani, na Chui alikuwa amekaa katikati ya njia. Angeweza kukaa hapo mpaka kesho. Watoto wangetoka lini?

Lakini Bi Sikudhani akasogea mlangoni.

"Babu anayekasirikia utani wa mjukuu si babu," alisema. "Mzee wangu, tusifichane. Wewe ni nani wa mtoto huyu?"

Chui alikuwa amechoka. Alitafuta ndugu mmoja tu asiyekuwa na mambo mengi, asiyechuma zambarau wala kutukanwa. Akamkumbuka.

"Baba," alisema. "Mimi ni baba yake. Nilikuwa naona haya kusema."

Bi Sikudhani akapiga makofi mawili madogo, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema angesema mapema wasingesumbuana, baba ndiye mwenye mtoto, baba hanyimwi. Chui akapata nguvu, akasimama, akakung'uta kanzu. Akaambiwa Tunu anafungiwa kikapu chake na anakuja sasa hivi.

Mara ndani ya pango mtu akakohoa. Koh, koh, koh. Kikohozi cha bibi mzee.

"Ohoo," alinong'ona mwalimu. "Nimesahau. Mama mkwe wako yumo humu."

"Mama nani?"

"Mama wa mkeo. Bibi yake Tunu. Amekuja asubuhi kuwafundisha watoto kufinyanga, na sasa anataka kutoka. Watoto, jana tulijifunza nini? Baba akikutana na mama mkwe wake anafanya nini?"

Watoto hawakuwa na sauti nzuri tena, lakini walijibu. Anapisha njia. Anageuka. Anajifunika uso, hamtazami, mpaka apite na watu wake wote.

Nyie mnaosikiliza mnajua kwamba mle pangoni hapakuwa na bibi yeyote, na koo lililokohoa lilikuwa la mtu mmoja mwenye macho yasiyotulia. Chui hakujua. Aliuliza, je, na akimtazama kidogo tu, pembeni, kwa jicho moja?

"Basi tutajua si baba," alisema Bi Sikudhani. "Hakuna baba asiyejua adabu za ukweni. Na mtoto hatutamtoa."

Akamsukumia shuka lililokuwa limefunika chungu cha uji, zito, limejaa moshi. Chui akalichukua. Aliogopa kukosea mara ya nne. Akasogea kando ya njia, akageukia jiwe, akajitanda shuka kutoka kichwani hadi puani, na mwalimu akamwambia akaze, mama mkwe ana macho makali. Akakaza. Ndani ya shuka palikuwa giza tupu, na pua yake haikunusa kitu ila moshi.

"Anapita sasa," alisema mwalimu kwa sauti ya heshima. "Yeye na shemeji zako. Ni wengi, vumilia. Kila ukisikia hatua, toa salamu."

Hatua zikaanza. Ti, ti, ti, ti. Nyepesi sana. Chui akashangaa ukweni kwake wana miguu midogo kiasi hicho.

"Shikamoo," alisema.

Hakujibiwa, hatua zikaharakisha. Zikaja nyingine, za kujikokota, zenye kitu kinachogongana, cheke, cheke, kama njiti.

"Shikamoo."

Kimya. Chui akaanza kuingiwa na wasiwasi, labda wakwe wamemkasirikia. Labda wamesikia habari za mke na wali. Akainamisha kichwa zaidi. Zikapita hatua nyingine, na nyingine, akajaribu kuzihesabu lakini alipofika nane akasahau kama nane ni shemeji au mama mkwe amehesabiwa mara mbili.

Mwishoni zikaja hatua za mtu aliyekawia. Zilifika mbele yake zikasimama. Chui alisikia pumzi ndogo, fupi fupi, ya mtu anayeogopa sana. Bila shaka huyu ndiye mama mkwe mwenyewe.

Akapiga magoti yote mawili.

"Shikamoo, mama."

Halafu sauti nyembamba, iliyojikaza kwa nguvu zake zote, ikajibu.

"Marahaba, mwanangu."

Hatua zikaondoka, ti, ti, ti, zikawa mbio, zikapotelea ng'ambo ya kilima. Nyuma yake zikafuata nyingine moja, za mtu mnene kiasi.

Chui aliendelea kupiga magoti. Ameitikiwa. Alifurahi, lazima niwaambie, alifurahi kweli kweli, maana tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanangu. Alingoja aambiwe tayari. Jua likamhamia mgongoni. Akauliza kwa adabu kama mama mkwe amefika mbali. Akauliza tena. Mwishowe akafunua pembe moja ya shuka, kisha uso mzima.

Pango lilikuwa tupu. Nyumba ya mkaa ilikuwa pale chini na vinyago vyake, mbegu za zambarau zimetapakaa kila mahali, na hakuna mtoto hata mmoja.

Chui akakuna kichwa. Akatafuta maana ya jambo lile, akapata moja tu. Akashika njia ya kurudi porini akinung'unika kwa sauti, mpaka kunguru mmoja aliyekuwa juu ya mti akamuuliza ana nini.

"Mama mkwe wangu," alisema Chui kwa uchungu. "Nimempisha njia, nimempigia magoti, nimemwamkia, naye kanichukulia mtoto kaondoka naye."

"Pole sana, bwana," alisema kunguru. "Kwani umeoa lini?"

Chui akatazama makucha yake, akaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo, mjomba, shangazi, babu, mume, baba. Akaketi chini katikati ya njia, kanzu imechanika, udongo unamdondoka usoni.

Hadithi yangu naitua hapo alipoketi yeye, nanyi ibebeni hivi: anayetaka haki za ndugu, aanze kwanza kwa kuwa ndugu.