Mbuzi Aliyerudishwa

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, maana anayemwandalia mwenzake ubaya huishia kuuonja yeye. Mzee Kaloki wa Makueni aliijua methali hiyo tangu shuleni, ila aliidhani ni ya watu wengine.

Kaloki alikuwa na shamba la machungwa lililofunika kilima kizima. Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kalondu, mboni ya jicho lake. Hata hivyo, moyoni alifuga donda. Ujanani alimposa Ndila wa Kwa Vonza, akapeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba hutoa ili mke awe mke. Mbuzi walipokelewa, kisha Ndila akabadili nia. Mbuzi mmoja akarudishwa kwa Kaloki mbele ya majirani, na kwa mila posa ikavunjika hapo hapo. Maskini, alijikaza akacheka na watu, kisha akaingia ndani akalia.

Miaka ikapita. Kalondu naye akapata mchumba, na mchumba mwenyewe akawa Mwau, mwana wa Ndila! Kaloki alikubali upesi mno. Akapokea mbuzi wa Mwau, akapanga sherehe, akaalika kanisa zima.

Siku hiyo, pilau ikinukia na akina mama wakiimba, Kaloki alimvuta mbuzi mmoja kwa kamba hadi mbele ya Ndila.

"Mama Mwau, chukua mbuzi wako. Ulinirudishia wangu, leo nakurudishia. Sasa utajua aibu ni nini!"

Nyimbo zikakatika. Ndila aliinamisha kichwa.

"Kaloki, nilikuumiza, na sikuwahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo. Lakini huyu mtoto alikukosea nini?"

Hapo ndipo Kaloki alipogeuka akamwona bintiye. Machozi yalikuwa yakimtiririka njia mbilimbili.

"Baba, si Mama Mwau uliyemkomoa. Aliyevunjiwa ndoa ni mimi."

Kalondu akaishika ile kamba mwenyewe, akaondoka na akina Mwau pamoja na mbuzi wao.

"Nenda! Utarudi tu!" Kaloki alifoka.

Hakurudi. Alifunga ndoa kanisani Kitui, akisindikizwa na mjomba wake. Machungwa yaliiva yakaanguka, na Kaloki hakuwa na wa kumwambia hata kwamba mwaka huu ni matamu. Upweke ulimshinda nguvu, akameza kiburi chake akaenda Kwa Vonza, alikoolewa bintiye.

Kalondu ndiye aliyemfungulia mlango. Hakumkaripia. Alimwekea kiti kizuri, akamletea chai ya maziwa, akasikiliza maneno yake ya kuomba radhi hadi mwisho.

"Nimekusamehe," alisema kwa upole. "Utalala ama unarudi leo, Mzee?"

Maisha yake yote alikuwa akimwita Baba. Kaloki alikishika kikombe kwa mikono miwili, chai ikapoa bila kunywewa. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.