Uwanja Alioushona Bi Fuko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na timu nyingi kuliko viwanja, Swala na Nyati walilazimika kuchezea uwanja mmoja. Wiki hii Swala na wenzake walicheza mpira wa miguu, mbio na chenga mpaka ulimi nje. Wiki ya pili Nyati na wenzake walicheza raga, na raga ya nyati mnaijua wenyewe: vichwa chini, pembe kwa pembe, sukuma nikusukume, puu!

Kombe hawakuwa nalo, ila walikuwa na desturi yao. Timu ikishinda, nahodha wake aliitwa katikati ya uwanja, akainama, akauma nyasi tonge moja mbele ya watazamaji, akatafuna, vigelegele vikapigwa. Kombe lenyewe lilikuwa hilo. Siku nyingine zote ilikuwa mwiko kula nyasi za uwanja, na mlinzi wa mwiko huo alikuwa Mwenyekiti Kiboko, mwenye mdomo mpana kama mlango wa banda.

Chini ya uwanja huo, pale katikati kabisa, aliishi mjane mmoja mdogo aitwaye Bi Fuko. Nyumba yake ilikuwa na sebule, stoo ya viazi, na chumba cha ndani walimolala watoto wake wachanga, ambao hata macho hawajafumbua. Macho yake mwenyewe yalikuwa hafifu, lakini kwa masikio, usimchezee.

Basi uwanja ukaanza kuota vipara. Kipara hapa, kipara pale. Mpira wa Swala ukawa unarukaruka ovyo kama panzi, na Nyati wakisukumana, udongo unang'oka mapande mapande. Kikao kikaitishwa. Nyati akasema mharibifu ni Fuko, anakula mizizi. Swala akaunga mkono upesi, tena upesi mno. Kiboko akatoa hukumu kabla mshitakiwa hajafika: Bi Fuko ahame na nyumba yake ifukiwe.

Bi Fuko alifika watu wakijikung'uta vumbi waondoke. Aliposikia hukumu, moyo ulimlipuka paa!

"Nihame na watoto wachanga, Mwenyekiti? Niende nao wapi?" aliuliza. "Mimi nakula viazi. Ningekula mizizi, nyasi zingekauka. Hizi zimekatwa juu."

Hakuna aliyemsikiliza. Yeye alijua jambo moja ambalo hakulitoa pale. Kila mchana, jua likiwaka na kila mtu amejilaza kivulini, juu ya paa lake husikika kacha, kacha, kacha. Mwizi alikuwepo. Ni nani, hakujua, maana ukiwa chini ya udongo taya zote hutafuna sauti moja. Na fuko akimshitaki mwenye pembe, nani atamwamini?

Akameza uchungu wake, akabadilisha sauti. Akaomba apewe nafasi autengeneze uwanja kwanza. Kikao kijacho wakikuta kipara kipya hata kimoja, ataondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Kazi ya bure hakuna anayeikataa, kwa hiyo wakakubali.

Ebo, wanangu, mngemwona Bi Fuko! Alikusanya nyuzi za katani, akazichemsha na majani mpaka zikawa kijani. Akaokota mwiba wa nungunungu, ukawa ndio sindano. Akiwa kulekule chini akaanza kushona uwanja kama mtu anayeshona gunia: anachomeka juu, anarudisha chini, chwi, chwi. Ncha za nyuzi zikachomoza katikati ya majani, urefu sawa na nyasi, rangi sawa na nyasi. Mizizi nayo ikawa inakua, inajizungusha kwenye katani, inaishikilia.

Nyati wakaja kucheza. Vichwa chini, sukuma nikusukume, puu! Udongo haukung'oka hata pande moja. Nyati alitazama kwato zake safi, akazinusa, akaduwaa mpaka mpira ukampita. Swala walipocheza, mpira uliserereka hadi golini bila kuruka, na kipa akabaki mdomo wazi kwa sababu alizoea kuokolewa na mashimo. Nyasi zikajaa, vipara vikafunikwa.

Bi Fuko hakufurahi bado. Mwizi alikuwa huko nje na njaa yake. Akamwendea Nyati nyumbani kwake.

"Kaka Nyati, nina wasiwasi," alinong'ona. "Tangu nizishone, zile nyasi zimekuwa tamu ajabu. Nisaidie kuzilinda. Huyu Swala simwamini."

Kwa Swala alisema hayohayo, ila asiyeaminika akawa Nyati. Kwa Kiboko alipita kwa adabu tu, kwa sababu mwenyekiti lazima ashukuriwe kwa ulinzi wake, akataja juu juu kwamba za katikati ndizo tamu zaidi. Kiboko akameza mate, gudu.

Siku ya kikao, mchana jua likiwaka, Bi Fuko alijilaza na watoto wake, masikio juu. Zikaja hatua nyepesi, ti, ti, ti. Kacha, kacha. Ghafla kimya. Halafu mvuto, nyumba nzima ikatikisika! Uzi ukakatika, ta! Hatua zikatoka mbio.

"Nimekunasa," alisema Bi Fuko akitabasamu gizani.

Hajamaliza tabasamu lake, zikaja hatua nzito, du, du, du. Kacha. Mvuto. Watoto wakabingirika hadi stooni. Bi Fuko akakaa kitako. Kumbe wawili? Mara zikaja hatua nyingine, pana kama vinu, udongo ukamdondokea kichwani. Hizo alizifahamu. Alizisikia kila kikao zikienda kwenye kiti cha mbele.

"Hapana," alinong'ona. "Haiwezekani awe huyu. Huyu ndiye aliyenihukumu."

Juu ya paa, katani ikakatika, ta!

Jioni kikao kikajaa. Bi Fuko alikaa mbele na watoto wake mgongoni, akasubiri. Akasubiri sana. Hakuna aliyefungua kikao.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Kuna msiba?"

Nyati alitazama chini. Swala alitazama mawingu. Kiboko alikuwa amebana midomo mpaka mashavu yamevimba. Katani ikishakaa kwenye meno haitoki kwa ulimi, na kwato si vidole.

"Mwenyekiti, nyasi za katikati zimeliwa leo mchana," alisema Bi Fuko. "Tulikubaliana kipara kikionekana nihame. Tamka basi, nikafunge mizigo yangu."

"Mmm," alisema Kiboko.

"Sijasikia. Tamka hukumu."

Kiboko akatikisa kichwa kwa nguvu. Vumbi likapanda, likamwingia puani. Akajizuia. Macho yakamtoka, masikio yakamcheza, akajizuia tena, wapi!

"Chyaaa!"

Mdomo ule ukafunguka wote. Nyuzi za kijani zilining'inia kutoka jino hadi jino kama kamba ya kuanikia nguo. Kikao kizima kikapigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mwenye kulinda mwiko ndiye anayeutafuna.

"Lo! Hata Mwenyekiti!" alipiga kelele Nyati, na mdomo wake ukawa wazi, na nyuzi nazo zikawa wazi.

"Na Nyati pia?" alimaka Swala, kisha akaukumbuka mdomo wake mwenyewe. Alichelewa. Uzi mrefu ulikuwa tayari umeshuka hadi kidevuni.

Wakabaki wanatazamana, watatu, kila mmoja ameshtuka kuliko mwenzake. Kila mmoja alidhani mwizi ni yeye peke yake, na kwamba tonge lake dogo haliwezi kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Bi Fuko hakuona nyuzi vizuri kwa macho yake, lakini alisikia vizuri ule ukimya. Akawabeba watoto wake, akateremka nyumbani kuwalaza. Hakuna aliyethubutu kumwambia ahame, siku hiyo wala baadaye. Uwanja uko palepale, katani na mizizi vimeshikana, raga wiki hii, mpira wiki ijayo. Na nahodha akishinda, siku hizi huinama akazibusu tu nyasi, mdomo umefungwa.

Nanyi, wanangu, kabla hamjamsingizia jirani, kwanza angalieni meno yenu yamenasa nini.