Kompyuta Iliyolala na Mkono wa Sigfrida

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani ipi, kulikuwa na karakana ya milango pale Mafinga, na ndani ya karakana hiyo kulikuwa na mkono. Mkono wa kulia wa Sigfrida Mgimwa. Leo haupo. Kesi yake ililetwa kwenye kikao cha mafundi ikawashinda, ndiyo maana nawaletea ninyi mnitajie mwenye kosa. Atakayesema "ajali haina kinga" nitamtoa nje. Kinga ilikuwepo, tena tele.

Karakana ilikuwa ya Evaristo Luvanda. Watu kumi na saba tulikula kwake. Mimi nilikuwa naendesha mashine ya randa. Sigfrida alikuwa mchongaji. Alikuwa na benchi lake karibu na dirisha, patasi kumi na moja alizozinoa mwenyewe, mama mzazi asiyeona, na watoto wawili. Baba wa watoto alikwenda Tunduma mara moja, hajarudi, wala hatumsubiri. Kwa hiyo wote wanne waliishi kwa mkono ule.

Siku moja Evaristo akanunua mashine ya kuchonga yenyewe, ile wanayoiita CNC. Ni meza kubwa, juu yake kisu kinachozunguka. Kisu hakina akili, akili yake ni kompyuta. Kompyuta ikisema nenda, kinakwenda. Ikisema simama, kinasimama. Sasa mashine ilikuja bila kompyuta, kiwiliwili kitupu, ikabidi tuitafutie kichwa. Balaa lilianzia hapo, kwenye kuchagua kichwa.

Fundi wetu wa umeme na kompyuta alikuwa Kastuli Mwalongo. Akamwambia bosi mbele yetu sote:

"Bosi, nunua kompyuta ya mezani. Nzito, hata kama ina sura mbaya, hata kama ni ya mtumba. Isiwe na intaneti. Isiwe na kazi nyingine. Na isilale."

"Isilale kivipi?"

"Kompyuta nyingi ukiziacha bila kuzigusa, zinalala zenyewe. Kioo kinakuwa cheusi. Hii ikilala katikati ya mlango, kisu kinasimama palepale. Ikiamka, kisu kinaendelea kilipoishia. Ni hatari. Isilale."

Evaristo akasema, "Mimi ninayo kompyuta mpakato mpya kabisa, ina betri. Hapa kwetu umeme unakatika kila siku. Hiyo ya mezani si itazima?"

"Na mashine je, bosi? Mashine haina betri. Kompyuta ikibaki macho na mashine imezima, itakuwa inamtolea nani macho?"

Tukacheka sote. Evaristo hakucheka. Akamtazama Kastuli akamwuliza, "Karakana hii ni ya nani?"

"Yako, bosi."

"Haya."

Kastuli akanyamaza. Alisema mara moja, akanyamaza, na mpakato ikafungwa kwenye mashine. Akaingia kwenye mipangilio yake akaiamuru isilale kamwe ikiwa kwenye chaja. Ikichomolewa chaja, ilale baada ya dakika kumi. Hilo la pili aliliacha kwa sababu betri ingekwisha na bosi angemgombeza. Hakumwambia mtu. Hakubandika hata karatasi.

Kuiendesha mashine akaletwa Tumpe Mwasomola, binti wa miaka ishirini na miwili aliyesomea kompyuta Mbeya. Mpole, sauti ndogo, ukimsalimia anaitikia kwa kope.

Sasa tulieni, neno lenyewe linakuja. Kwenye karakana yetu, tangu siku za msumeno wa kwanza, ukitaka kuingiza mkono kwenye mashine yoyote unauliza kwanza: "Imelala?" Mwenye mashine akijibu "Imelala," maana yake ameishusha swichi kubwa ya ukutani, umeme haupo, ingiza mkono hata ukitaka kuoga humo. Na huulizi mara mbili. Watu husema kuuliza si ujinga. Kwetu sisi kuuliza mara mbili ni kumwita mwenzako mwongo. Neno hilo hakuna aliyemfundisha Tumpe. Nani angemfundisha? Tulidhani kila mtu anazaliwa nalo.

Ikafika Jumanne, saa nne asubuhi. Mashine inachonga maua kwenye mlango wa kanisa. Simu ya Evaristo ikaanza kulia kuwa chaji imekwisha, naye anasubiri dereva wa lori la mbao ampigie. Akachomoa chaja ya kompyuta, akachomeka ya simu.

"Dakika mbili tu," akasema, akatoka nje kuangalia lori. Mnazijua dakika mbili za mtu mwenye lori.

Tumpe alikuwa ameinama anapima ubao unaofuata. Zikapita dakika kumi. Kioo kikawa cheusi. Kisu kikasimama juu ya ua, kimya.

Sigfrida akaja. Kazi yake ilikuwa kumalizia kwa patasi zile kona ambazo kisu cha duara hakiwezi kuzifikia. Akaona kibanzi kimekwama chini ya kisu, kitaharibu ua.

"Tumpe, imelala?"

Tumpe akatupa jicho kwenye kioo. Cheusi.

"Imelala, dada. Ngoja niiamshe."

Maneno mawili ya kwanza Sigfrida aliyasikia. Mawili ya mwisho yalimezwa na kelele za randa, na randa nilikuwa naiendesha mimi. Nakiri sasa hivi, msije mkasema nimejificha.

Sigfrida akaingiza mkono. Tumpe, macho kwenye kioo, akagusa kipanya. Kompyuta ikaamka, ikakumbuka ilipoishia.

Sitaki kusimulia sana. Nilipozima randa nilimsikia. Alikuwa halii. Alikuwa anatuuliza mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si imelala? Jamani, si imelala?" Mungu wangu, inaniuma mpaka leo. Hospitali hawakuweza kuokoa kitu, wakaukata mkono kwenye kifundo.

Mafundi wa mtaa wetu tuna desturi. Aliyesababisha mwenzake apoteze mkono, yeye ndiye anakuwa mkono wa mwenzake. Anakaa kwenye benchi lake, anashika patasi zake, anachonga kwa maelekezo yake, na kazi ni ya yule aliyeumia. Si mwezi, si mwaka. Ni mpaka mmoja wao azikwe. Na anakaa mtu mmoja tu, maana mkono uliotoka ni mmoja.

Basi kikao kikakaa. Mwenyekiti wetu, mama Chaula, akatusalimu akasema, "Kamwene, mafundi. Tunatafuta mkono wa Sigfrida. Kila mtu aseme lake."

Evaristo akasimama. "Kosa langu ninalo. Nilichagua mpakato, na chaja nilichomoa mimi. Lakini niliambiwa isilale, na mwezi mzima sikuiona ikilala. Ningejuaje kwamba inasubiri chaja itoke? Tena nikikaa kwenye benchi hilo, karakana inafungwa. Watu kumi na saba watakula wapi? Kosa ninalo. Benchi si langu."

Kastuli akasimama. "Kosa langu ninalo. Nilijua, nikasema mara moja, nikanyamaza. Zile dakika kumi niliziacha mimi. Lakini katika karakana nzima, nani mwingine alisema? Mkimkalisha aliyeonya, kesho nani ataonya? Wote mtafunga midomo. Kosa ninalo. Benchi si langu."

Hapo fundi mmoja wa nyuma, nisiyetaka kumtaja kwa sababu bado namsalimia, akaropoka: "Na Sigfrida mwenyewe? Swichi iko hatua nne tu. Si angegeuza shingo aangalie?"

Sigfrida alikuwa amekaa na mkono ameufunika kwa kanga.

"Kosa langu ninalo," akasema. "Nilimwamini mwenzangu kama mlivyonifundisha. Nadhani adhabu yangu mmeshaiona."

Yule fundi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Wa mwisho Tumpe. Alikuwa analia mpaka mama Chaula akamwambia akae aseme akiwa amekaa, naye akakataa. "Kosa langu ninalo. Neno lenu sikulijua, ni kweli. Lakini macho ninayo, sikuyainua. Niliigusa ile kompyuta bila kumwangalia. Benchi nipeni mimi. Nitajifunza kuchonga."

Kikao kizima kikapumua. Evaristo alipumua kuliko wote. Mama Chaula akashika kalamu aandike jina, kikao kifungwe, watu wakale.

"Simtaki," akasema Sigfrida.

Akaendelea, "Simtaki kwa sababu hiyo hiyo, kwamba amejitolea. Anakuja kwa huruma, na huruma inachoka. Binti huyu ataolewa, atazaa, siku moja atakuja kuniaga kwa machozi, nami nitamruhusu, kwa sababu alikuja kwa hiari yake. Halafu mama yangu na wanangu wale nini? Nipeni mwenye kosa kubwa. Mwenye kosa hawezi kuniaga. Mkisema ni Tumpe kwa kuwa kosa lake limezidi makosa ya wenzake, nitampokea leo hii. Mkisema ni Tumpe kwa kuwa amejitolea, mimi naondoka."

Mama Chaula akaweka kalamu chini. Kelele zikaanza. Wanaomtaja Evaristo upande huu, wanaomtaja Kastuli upande ule, na wengine, kwa kunong'ona, wanamtaja Tumpe. Kikao kilikaa mara tatu. Mara ya nne hawakuja watu wa kutosha.

Na wakati sisi tunabishana, watoto wa Sigfrida wamepelekwa kwa shangazi yao Makambako, mmoja ameacha shule. Mama yake asiyeona anauliza mbona hasikii tena patasi zikinolewa. Hakuna aliyemjibu.

Haya, sasa ni zamu yenu. Msiniambie "wote", hilo ni jibu la watu wanaotaka kwenda kulala. Msinitaje mimi na randa yangu kwa kuniogopesha. Mkinitaja, nitajieni na sababu, nitakwenda. Msiniambie Tumpe kwa kuwa ni rahisi. Kuna Evaristo aliyechagua, kuna Kastuli aliyenyamaza, kuna Tumpe aliyeamsha, na kuna mwanamke yuko nyumbani kwake anasubiri mtu mmoja tu abishe hodi, mtu asiyeweza kumuaga. Je, nani aende?