Risasi za Mama Atuganile

Risasi hufuata jicho, na jicho hufuata moyo. Mmewasikia watu wa Isongwa wakiisema mzazi anapomkodolea macho mwanawe uwanjani, nanyi, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja, Tusekile, aliyekuwa askari magereza hadi akastaafu. Katika kulenga kwa bastola hakuwa na mpinzani milimani kote. Binti yake, Atuganile, alikuwa askari wa wanyamapori, na kulenga alifundishwa na mama huyo huyo. Kisha nyati akamvunja mkono. Mfupa uliunga, lakini mkubwa wake, Kamanda Kasyupa, hakumwamini tena porini; akamweka ofisini kugonga mihuri. Mwishowe akamwambia, "Njoo kwenye mashindano ya kirafiki ya askari na wastaafu. Ukipiga vizuri mbele yangu, utarudi porini."

Mashindano hayo yalifanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Asubuhi ile ukungu ulishuka ukalala humo kama maziwa ndani ya bakuli. Wakangoja mpaka ukapungua. Hata hivyo watu walibaki vivuli, na karatasi za shabaha zilielea mbele ya tuta kana kwamba hazikutundikwa na mtu.

Mama na binti walipangwa bega kwa bega, kila mmoja na risasi tano. Wakaziba masikio, dunia ikawa mbali.

"Tayari! Pigeni!"

Tusekile aliinua bastola. Ndani ya ukimya ule alisikia pumzi zake, kisha ikawa kama anasikia na za mwanawe. Akamwona Atuganile akiwa mdogo, ameshika kijiti badala ya bastola, akiuliza, "Hivi, mama?" Mkono ule mdogo ukageuka mkono huu uliovunjika. Tulia, mwanangu, alisema moyoni. Usikaze kidole. Vuta polepole. Bastola ikamruka kiganjani, tena na tena, kwa upole, kama mtu anayebishiwa hodi usingizini. Alipoishusha hakukumbuka alilenga wapi.

Mwamuzi akaleta karatasi. Ya Tusekile ilikuwa nyeupe pe. Ya Atuganile ilikuwa na matundu kumi, mengi yamebanana katikati.

Watu waliangua kicheko. Kamanda Kasyupa hakucheka.

"Mama Atu, umempigia mwanao?"

"Haki ya Mungu, sikujua." Machozi yalimlengalenga. "Nilijiona nalenga yangu. Sijui macho yalihamia kwake saa ngapi."

"Nakuamini. Lakini matundu yake ni yapi? Siwezi kumrudisha mtu porini kwa risasi za mama yake."

Atuganile akasema, "Naomba karatasi nyingine, mkuu." Akamgeukia mama yake, bila hasira. "Mama, nakuomba ukakae kule nyuma. Usinitazame."

Maneno hayo yalimchoma Tusekile, lakini alikwenda. Akaketi juu ya jiwe, akawapa mgongo, akautazama ukungu ukipanda mlima taratibu kama kundi la kondoo lisilo na mchungaji. Kila mlio uliposikika shingo yake ilitaka kugeuka. Akabana mikono katikati ya magoti, akaiacha milio ipite. Ukimya uliporudi hakuthubutu kuinuka, mpaka kivuli kikasimama mbele yake.

Atuganile alikuwa ameshika karatasi. Matundu manne yalikuwa katikati. La tano lilipotelea pembeni kabisa. Binti akaliwekea kidole, akatabasamu.

"Hili ni langu, mama. Wewe usingelipiga hivi."

Tusekile akacheka huku akilia, akamkumbatia pamoja na karatasi yake.

Kamanda Kasyupa akawafuata. "Jumatatu unarudi porini," alimwambia Atuganile. Kisha akamwinamia mama yake, na hapo ndipo naye alipocheka.

"Nisamehe kwa kukushuku, Mama Atu. Ilikuwaje nisilijue hili, nami nina watoto? Risasi hufuata jicho, na jicho hufuata moyo."