Waliolala Chini ya Mahindi

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma mnasikia?
Tunasikia, lete!

Hapo kale, katika vilima vya Wamaya, nchi ya mbali huko ng'ambo, paliishi mama mmoja, jina lake Matal. Watu wake walilima mahindi, na wafu wao waliwazika papo hapo, shambani. Kila mwaka sikukuu ya wafu ikifika, waliwapelekea chakula. Matal alikuwa na binti yake pale, aliyekufa mdogo, naye alikuwa akimpelekea uji.

Akatokea Don Evaristo, tajiri mjukuu wa tajiri. Akazungusha seng'enge shamba zima. "Babu yangu alilikuta pori tupu," alisema. Kesi ikaenda kwa hakimu.

Sikukuu ikafika. Asubuhi, Matal akaenda langoni na bakuli lake.

"Bwana, nifungulie nimlishe mwanangu."

"Kilicho juu ya ardhi hii ni changu. Rudi."

Akarudi. Jamani, kurudi na uji wa mwanao umepoa mkononi, mnajua uchungu wake?

Adhuhuri akaenda tena. "Bwana, cha juu sikitaki. Mwanangu yuko chini."

"Na cha chini ni changu. Rudi."

Akarudi akilia njia nzima. Karibu na nyumbani akanyamaza. Akawaza. Akacheka!

Jioni akaenda mara ya tatu, safari hii na kijiji kizima, na hakimu katikati yao.

"Bwana, mwambie hakimu. Kilicho chini ni cha nani?"

"Changu mimi na ukoo wangu."

"Vyema. Basi kawapikie, leo ni siku yao. Chini wamelala wazee wetu, na waliowazaa wazee wetu. Kama ni wa ukoo wako, sisi wajukuu wao ni ndugu zako, tugawane urithi. Kama si wako, babu yako alikuta pori gani tupu lenye makaburi?"

Kuwaita ndugu Evaristo hakutaka, kuwakana hakuthubutu.

"Tunakusubiri, bwana," hakimu akasema.

Evaristo akawapa kisogo.

"Basi ng'oeni seng'enge," hakimu akaamuru.

Watu wakaingia wakiimba. Matal hakuimba. Aliketi kaburini, akamimina uji polepole.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Leo nimekuchelewesha kula."

Hadithi yangu imefika. Aliyeisikia aende nayo kwao, aliyesinzia shauri yake.